Ngoma ndogo ndiyo yenye shughuli

Kwetu Unguja mtu akikwambia "leo kuna kidumbak kwa kina fulani", hakwambii kwamba kuna kigoma kimewekwa sebuleni. Anakwambia kuna harusi, kuna watu, kuna kucheza, na kuna watakaorudi kwao wamenuna kwa yale waliyoimbiwa. Neno hilo hilo ni jina la ngoma yenyewe, la kikundi kinachoipiga, la mtindo wa muziki na la shughuli nzima. Wenyewe hatuna haja ya kuulizana. Labda mtu aseme "kidumbak cha jana kilivunjika", hapo ndipo utamsikia mwenzake akiuliza: kilianguka au walipigana?

Kwa asiyekijua, kidumbak ni ngoma ndogo ya udongo, tumbo pana juu, shingo nyembamba chini, imewambwa ngozi upande mmoja tu na upande wa pili uko wazi. Haina fimbo. Hupigwa kwa viganja na vidole, mpigaji amekaa na ngoma imelala pajani au imebanwa baina ya mapaja. Katika kikundi huwa viwili. Kimoja kinashika mwendo na hakiachi hata dunia ipinduke. Cha pili kinacheza juu ya mwendo huo, kinakatiza, kinauliza, kinajibu, kinamchokoza anayecheza. Wapigaji wawili wakizoeana vizuri, mgeni husikiliza akadhani ni ngoma nne.

Nimekulia Ng'ambo, mitaa ile ya nje ya Mji Mkongwe, basi msinitarajie niwe mwadilifu katika jambo hili. Ninachotaka kukitetea ni kwamba hiki kidogo, ambacho tangu zamani watu wa heshima wamekiita taarab ya wasio nacho, ndicho kilichoishinda taarab kubwa. Lakini kwanza tukiangalie kwa karibu, maana wengi wanaokisema hawajawahi hata kukishika.

Mtu wa kwanza niliyemwona akiwamba alikuwa jirani yetu, mzee ambaye watoto wote wa mtaa tukimwita Babu ingawa hakuwa babu wa yeyote kati yetu. Ngozi ya mbuzi ililala ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi aliitandika juu ya ubao akainyoa manyoya kwa kisu kilichochoka, kwa sababu kisu kikali hutoboa, na ngozi iliyotoboka hata tundu la sindano haifai tena. Kisha akaitandaza juu ya mdomo wa chombo na kuanza kuvuta. Hapo ndipo kwenye kazi. Alivuta kidogo upande huu, akazungusha chombo, akavuta upande wa pili, akazungusha tena, uzi ukipita chini ya mdomo na kukazwa kila mzunguko. Kila baada ya muda aliigonga ngozi kwa kidole cha kati, akitega sikio, ingawa ngozi mbichi haina sauti ya kusikilizwa. Nilikuwa nimetoka skuli na methali kichwani, nikaona ni wakati wake. "Babu, si wanasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake?" Akacheka bila kuinua macho. "Wanasema wasiowahi kuwamba. Ukivutia kwako tu, mwanangu, huku kutaimba na kule kutakohoa."

Baadaye nilielewa alichokuwa akikizungumzia. Ngozi iliyokazwa upande mmoja kuliko mwengine haitoi sauti moja. Ukiipiga ukingoni kulia inalia juu, ukiipiga kushoto inalia chini, na mpigaji anabaki anaitafuta sauti yake usiku mzima. Ngoma kubwa inaweza kuvumilia kasoro hiyo kwa sababu sauti yake ni nzito na haina mipaka mikali. Kidumbak hakivumilii. Udogo wake ndio unaokifanya kiwe kigumu kutengeneza, na mafundi wenyewe watakwambia ni heri kuwamba msondo, ile ngoma ndefu, kuliko kuwamba hiki.

Ngozi ikishawambwa hukaushwa kivulini, kwani jua kali huikausha mbio na kuipasua. Ikikauka ndiyo imekuwa ngoma, lakini bado haijawa tayari kupigwa. Kabla ya shughuli lazima ipashwe moto. Kila aliyekulia uswahilini anaijua picha hii: nyuma ya nyumba ya harusi, mbali kidogo na masufuria, wanaume wawili watatu wamechuchumaa mbele ya kimoto cha makuti au maboksi, kila mmoja anaipitisha ngoma yake juu ya ndimi za moto, anaizungusha, anaiondoa, anaigonga, anairudisha. Ngozi iliyolegea husema bwu, kama mtu aliyejaza wali mdomoni. Joto likipanda maneno yanaanza kueleweka, na ikifika mahali pake utasikia mlio mkavu, wa juu, unaokata hewa mpaka mtaa wa pili. Mpigaji hutabasamu, na watoto hukimbilia ndani kusema wanaanza. Ikizidishwa moto hupasuka, na kupasuka saa hiyo ni balaa, kwa hiyo hakabidhiwi mtu yeyote tu kazi ya kupasha.

Sauti zake kubwa ni mbili, na wapigaji huzitamka kama zinavyolia: "dum" ya katikati, kiganja kikiwa kimelala, na "tak" ya ukingoni, kwa ncha za vidole. Mengine yote ni namna ya kuzipanga hizo mbili, kuzikaza, kuzifuta kabla hazijamalizika. Wakati wa masika kazi huwa nzito. Hewa ina maji, ngozi inalegea kila baada ya vibao vichache, na kuna mtu ambaye kazi yake usiku ule ni kutunza moto na kubadilishana ngoma na wapigaji. Kwa sababu hiyo wengi siku hizi wamehamia kwenye dumbak za bati na alumini zinazotoka nje, zenye ngozi ya plastiki na skrubu za kukazia. Hazitaki moto wala hazivunjiki zikianguka. Sauti yake ni safi na haibadiliki, na mimi siipendi kabisa. Haina kifua. Lakini sitamlaumu mpigaji anayetoka kwao na basi la jioni, hajui kama huko aendako atapata hata kiberiti.

Pembeni mwa vidumbak kuna sanduku, na hili linastahili maneno yake. Ni besi iliyotengenezwa kwa sanduku la mbao lililokuwa la majani ya chai. Sanduku linafudikizwa chini, juu yake linatobolewa tundu, uzi mnene unapitishwa na kufungwa kwa ndani, na ncha ya pili ya uzi inafungwa kwenye fimbo iliyosimamishwa ukingoni. Mpigaji anakanyaga sanduku kwa mguu mmoja, anashika fimbo kwa mkono wa kushoto na kuuchokoa uzi kwa mkono wa kulia. Akiivuta fimbo nyuma uzi unakaza na sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Hakuna alama popote ya kumwonyesha sauti iko wapi, sikio lake ndilo fundi. Nimewaona wanamuziki waliosoma, wenye vyeti, wakijaribu sanduku na kutoka hapo jasho linawatiririka, na pembeni kijana wa mtaani aliyeacha skuli darasa la saba anacheka mpaka anajishika mbavu.

Waliobaki ni cherewa, yaani vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu ndani na kutikiswa, na mkwasa, vijiti vifupi vinavyogonganishwa kushika hesabu. Cherewa ndiyo skuli ya chekechea ya muziki wa Ng'ambo: mtoto anayezurura karibu na wapigaji hupewa hiyo kwanza ili aache kusumbua. Na juu ya wote kuna fidla moja, inayopigwa kwa fujo yenye adabu, maana ndiyo pekee inayobeba sauti ya wimbo na haina mwenzake wa kuificha.

Kuhusu majina, watu huchanganyikiwa na si kosa lao. Kidumbak ni dumbak ndogo, hilo halina ubishi. Dumbak yenyewe ni ile ngoma ya umbo la kinu chenye kiuno inayojulikana kote Mashariki ya Kati. Waajemi wana yao ya mbao wanayoiita tonbak au dombak. Waturuki na Waarabu wa Shamu wanasema darbuka au darabuka. Misri, ambako taarab yetu ilichota mengi, huiita tabla. Sasa nenda Mombasa useme tabla. Utaletewa zile ngoma mbili za Kihindi zinazokaa chini kwenye vikalio vyake, kwa sababu taarab ya Mombasa ilinyonya sana muziki wa filamu za Kihindi, na mwimbaji wa huko, marehemu Juma Bhalo, alizifanya tuni za filamu hizo ziwe za Kiswahili hasa. Kwa hiyo mtu wa Cairo, mtu wa Mombasa na mtu wa Unguja wanaweza kukubaliana kwenye simu kwamba tabla iletwe, na siku ya shughuli kila mmoja akaja na chake.

Halafu kuna ndugu zake wa ngozi. Rika ni ile duara ndogo yenye visahani inayotumika kwenye taarab; tari ni duara la mbao lililowambwa upande mmoja; dufu ni wa ukoo huo huo. Ngozi ni ya mbuzi yule yule. Mara nyingine hata fundi ni yule yule. Lakini matari yakipigwa kwenye maulidi ya homu, watu wamepanga safu kwa magoti wakiinama na kuinuka pamoja, hakuna atakayekunja uso. Kidumbak kikilia nyumba ya pili, kuna mzee atakayefunga dirisha. Ngozi haijui tofauti hiyo. Ni watu walioamua ipi iingie kwenye dua na ipi ibaki uani kwa wanawake. Nimesikia hoja za kila upande tangu utotoni na sina nia ya kuzimaliza hapa. Ninachosema ni kwamba mbuzi hakuulizwa.

Hadithi ya taarab wengi wanaijua kwa kuanzia juu. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim huko kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, naye akarudi kuwafundisha wengine wa jumbani. Mwaka 1905 ikaundwa klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa, ambayo mpaka leo ipo. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, wasikilizaji wamekaa, wamenyooka, na aliyefurahi alionyesha furaha yake kwa kichwa tu. Hii ndiyo hadithi inayosimuliwa kwa wageni, na si ya uongo. Imeacha tu nusu ya mji.

Nusu ya pili ilikuwa ng'ambo ya mkono wa bahari, kule Darajani kulikokuwa na daraja, ndiko kwenye nyumba za udongo na makuti, wachukuzi, wavuvi, wapishi, wapagazi wa bandarini, watu waliotoka utumwani na watoto wao. Huko ndiko alikokuja kukaa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba mwaka 1880 katika familia ya wafinyanzi, jina lake la kuzaliwa likiwa Mtumwa, na kabla hajawa Siti alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza huku akivitangaza kwa sauti iliyowafanya watu watoke milangoni. Nalipenda sana jambo hili. Mwimbaji aliyeibeba taarab ya Kiswahili mpaka Bombay mwaka 1928, akarekodi santuri zilizosikilizwa pwani nzima, alitoka kwenye udongo ule ule ambao mafundi wetu walifinyangia ngoma. Siti alikuja mjini hajui kusoma, akatoka kapewa jina la heshima, na nyimbo zake zilikuwa na kesi za mahakamani, waume wakorofi, matajiri wabakhili. Mambo ya mtaani yakaingia kwenye taarab kupitia mdomo wake.

Sasa mtu wa Ng'ambo akitaka muziki huo kwenye harusi ya bintiye, alimpata wapi mpiga kanuni? Angewalisha vipi wapigaji wa udi, fidla nne, kanuni, nai, na wote wanataka viti? Akachukua alichoweza. Fidla moja. Besi ya sanduku la chai. Vifuu vya nazi. Na badala ya dumbak kubwa, viwili vidogo vya udongo. Nyimbo zikawa zile zile za taarab, lakini zikivunjwa kiuno na kuchanganywa na za unyago na za ngoma nyengine za kienyeji. Wengine wakakiita kitaarab, jina ambalo lina kejeli ndani yake, kwa maana ya "haka nako ka-taarab". Walioitwa hivyo hawakuonekana kuumia. Walikuwa wanacheza.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa. Kwenye taarab ya kukaa, mtu aliyeguswa na beti huinuka kwenye kiti, anatembea taratibu mpaka mbele akiwa ameinua noti yake kwa vidole viwili, anamtunza mwimbaji na kurudi. Kwenye kidumbak hakuna mbele. Wapigaji wamekaa pembeni au katikati, wanawake wamewazunguka, mwimbaji anaimba wimbo wa kwanza na kabla haujaisha anadokeza wa pili, wa pili unaingia ndani ya wa tatu, na mwendo unakazwa kila mara. Hakuna kupumzika baina ya nyimbo. Mkondo mmoja unaweza kwenda karibu saa nzima, na mtu akitoka kwenda kunywa maji akirudi anakuta mambo yamekolea kiasi kwamba hapati pa kuingilia.

Na mwimbaji wa kidumbak hatungi nyumbani tu. Nusu ya kazi anaifanya pale pale. Anatazama nani kaingia, kavaa nini, kakaa na nani, nani kamkwepa nani. Nilimshuhudia mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ameona shangazi wa bwana harusi anasusia chakula cha upande wa biharusi. Hakumtaja. Alibadilisha mstari mmoja tu wa wimbo uliokuwa ukiendelea, akatia sahani iliyorudishwa imejaa, akaurudia mstari ule huku mpigaji wa kidumbak cha pili ameshaelewa na anauwekea "tak" tatu kavu mwishoni. Ukumbi ulilipuka. Shangazi akachukuliwa mkono na mashoga zake, akaletwa katikati, na alichofanya ni cha busara kuliko vyote: akacheza. Angeondoka, wimbo ungekuwa wake mpaka leo.

Zile "tak" tatu ndizo ninazozungumzia ninaposema ngoma hii ndiyo yenye shughuli. Maneno bila hizo yangekuwa umbea. Ngoma kubwa zinabeba umati, zinakupa ardhi ya kukanyaga, lakini hazina haraka ya kujibu neno. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alikuwa akiufunga msondo mrefu kiunoni na kuupiga kwenye unyago mpaka uzeeni, na msondo wake ulikuwa na uzito wa mafunzo yenyewe. Alipofariki Aprili 2013 watu wengi walimkumbuka na ngoma ile kuliko hata na sauti yake. Lakini msondo haumchokozi mtu. Kazi hiyo ni ya vidogo.

Bara na pwani ya Kenya kazi hiyo hufanywa na chapuo. Kwenye chakacha utakuta vumi inanguruma chini, msondo umeshika kati, na chapuo ndogo inachapua, yaani inaharakisha, ndiyo inayowanyanyua wanawake viti vikabaki vitupu. Na tazama Kiswahili cha magazeti kilivyoipokea: waziri anapigia chapuo utalii, mbunge anampigia chapuo mgombea wake, kampuni inapigiwa chapuo na wasanii. Asiyetaka chapuo hupiga debe, na asiyetaka debe hupiga upatu. Sijawahi kusoma popote kwamba mwanasiasa alipigiwa vumi. Anayetaka kuwakusanya watu anajua ni sauti ipi inayopenya: ile ndogo, ya juu, isiyokuacha uendelee na ulichokuwa ukifanya. Msondo kwa upande wake ulipata heshima nyengine, ukawa jina la bendi ya Dar es Salaam iliyoanzishwa 1964 ikiitwa NUTA Jazz na ambayo mashabiki wanaijua zaidi kwa Msondo Ngoma. Bendi kwa wakubwa, kampeni kwa wadogo. Naona mgawanyo ni wa haki.

Turudi kwenye hoja yangu. Miaka ya 1990 ilipokuja ile tuliyoiita taarab ya kisasa, wazee wa kanuni walishika vichwa. Kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya safu nzima ya fidla, gitaa la besi likaingia, watu wakainuka kwenye viti, mipasho ikatawala. Kikundi cha East African Melody kikaja na rusha roho. Bara, vikundi vya TOT ya Khadija Kopa na Muungano ya Nasma Khamis wakarushiana maneno jukwaani, na mashabiki wakagawanyika kama wa Simba na Yanga. Ikasemwa taarab imeharibiwa na vijana, imeharibiwa na bara, imeharibiwa na pesa. Mimi nikiwasikiliza nilikuwa najiuliza hawa wazee harusi za Ng'ambo walikuwa hawaendi? Kuinuka na kucheza, nyimbo zinazounganishwa, kumwimbia mtu aliyekaa pale pale, kucheza kiuno bila kuomba radhi: vyote hivyo vilikuwa vya kidumbak kabla kinanda hakijashuka bandarini. Khadija Kopa mwenyewe alitoka Zanzibar, alipitia kikundi cha taarab cha Culture Musical Club. Taarab ya kisasa haikuzuliwa. Ilivuka daraja tu, safari hii kutoka Ng'ambo kwenda upande wa pili.

Kilichonisikitisha ni kwamba muziki ulipovuka, ngoma zenyewe hazikualikwa. Kinanda kina kitufe cha mdundo, na ukikibonyeza kinapiga usiku kucha hakichoki wala hakitaki kulipwa. Lakini pia hakimtazami mtu. Shangazi akisusia chakula, kitufe hakijui. Mwimbaji anaweza kumpasha apendavyo na mdundo nyuma yake unaendelea vile vile, haukazi, haupungui, haumsindikizi. Nimeshahudhuria harusi nyingi za aina hiyo, spika ndefu kuliko watu, na nimecheza, sikatai. Ila sijaona mtu akichokozwa na mdundo.

Vidumbak havijafa, na nisingependa msomaji aondoke hapa akidhani nasoma hitima. Makame Faki, tuliyemzoea kwa jina la Sauti ya Zege, pamoja na wenzake wa Culture Musical Club, walikichukua kidumbak wakakipandisha jukwaa moja na taarab, chini ya jina la Kidumbak Kalcha, na watu wa Ulaya waliokuja kutafuta taarab ya jumba wakajikuta wanakodoa macho kwa mpiga sanduku. Chuo cha muziki cha Dhow Countries kilichokuwa kwenye jengo la forodha ya zamani, Mizingani, kimefundisha vijana wa kike na wa kiume kuvipiga. Na hili la wa kike ni jipya na ni zuri, kwa sababu zamani wanawake walikuwa wachezaji na waimbaji, vidumbak vikashikwa na wanaume. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, limevipa nafasi ndani ya Ngome Kongwe.

Kuna jambo dogo linanichekesha. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na sasa mgeni huketi kwenye paa la hoteli ya huko, anatazama jua linazama, na mbele yake anapigiwa kidumbak kama muziki wa mji huo. Muziki ambao wakazi wake wa zamani walikuwa wakiufungia madirisha! Wapigaji wanajua, wanapokea chao, wanacheza vipande vifupi vya dakika nne nne vyenye mwanzo na mwisho, kwa sababu mgeni anataka kupiga makofi. Kisha wanapanda daladala kurudi Ng'ambo, na Ijumaa au Jumapili wanapiga kile chenyewe kisicho na makofi.

Kwa hiyo ukialikwa kwenye kile chenyewe, nikupe ushauri wa bure. Uliza kwanza kama kuna sanduku na vidumbak vya ngozi, au ni kinanda kimeandikwa kidumbak kwenye kadi. Vyote viwili utacheza, lakini ujue unaendea nini. Fika mapema, upite uani uone ngoma zinavyopashwa, na kama ni masika usisimame njiani kwa mtu wa moto. Beba noti ndogo ndogo za kutunza, nyingi, kwani noti moja kubwa inaisha mara moja na mwimbaji husahau. Ukisikia mstari umebadilishwa na watu wote wamegeuka kukutazama, usitoke, nenda katikati. Na kama gauni umeazima, kaa nyuma kabisa. Mwimbaji anajua ni la nani.